Nani Alipie Mlima?

Fedha za afya zinazotoka Hazina kwenda halmashauri hazigawanywi kwa kukisia. Mwaka wa fedha 2004/05 Tanzania ilianza kutumia fomula: asilimia 70 ya ruzuku ya afya ifuate idadi ya watu, asilimia 10 idadi ya maskini, asilimia 10 vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, na asilimia 10 urefu wa njia ambazo gari la tiba la wilaya hulazimika kuzunguka. Waliotunga fomula ile wanastahili sifa kwa kuikumbuka njia. Ila waliipima kwa kilomita, na kilomita ni kipimo cha watu wa tambarare. Mhadhara huu unauliza kilomita hiyo inagharimu kiasi gani ikisimama wima, na ni nani anayeilipa.

Wilaya ya Same inafaa sana kwa swali hilo. Ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 5,000, sehemu kubwa ikiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, na sensa ya 2022 iliihesabia watu wapatao 300,000. Barabara kuu ya Dar es Salaam–Arusha inapita magharibi ya milima: Hedaru, Makanya, Same mjini. Mashariki iko njia ya Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio, nchi ya mpunga na mbu. Katikati umesimama mgongo wa Upare ya Kusini, kilele chake kikiwa Shengena, mita 2,462 kutoka usawa wa bahari, na huko juu wanaishi watu wa Chome, Suji, Mbaga, Vudee, Vunta na Mamba. Kwenye ramani, Suji na Makanya zinakaribiana utadhani watu wake wanaweza kuitana. Mjamzito aliyeanza kutoka damu Suji usiku wa mvua hasafiri kwenye ramani.

Atasafiri kwa machela hadi palipo na gari, au kwa bodaboda akiwa amebanwa katikati ya dereva na mkwe wake. Gari la wagonjwa, likipatikana, lina hesabu zake: klachi, breki na matairi ya gari linalopanda huko huisha mapema kuliko ya gari linalozunguka Moshi mjini, dizeli inaungua zaidi kwa kila kilomita, na chanjo inayochukua nusu siku njiani inataka barafu zaidi. Kisha kuna mvua. Novemba 2009 udongo uliporomoka katika kijiji cha Goha, kata ya Mamba Miamba, ukafukia nyumba na kuua watu wasiopungua 20. Katika juma la namna hiyo bajeti ya mafuta inakuwa tarakimu tupu, kwa kuwa hata njia ya kutumia mafuta hayo haipo.

Wengine walikwisha kupambana na jambo hili zamani. Mwaka 1912 Uingereza iliunda kamati chini ya Sir John Dewar, mbunge na mfanyabiashara wa wiski, ichunguze hali ya tiba katika nyanda za juu na visiwa vya kaskazini mwa Scotland. Sheria ya bima ya taifa ya 1911 ilikuwa imetungwa kwa ajili ya watu wa mishahara. Wakulima wadogo wa huko juu hawakuwa na mwajiri wa kuwakata. Daktari alidai gharama za safari, mgonjwa hakuwa nazo, basi daktari hakuitwa. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha ruzuku ya pauni 42,000 kwa mwaka. Daktari akahakikishiwa kipato cha chini, safari zake zikalipwa na serikali, na mgonjwa akatozwa ada ndogo ambayo haikupanda kwa sababu tu anaishi mbali. Huo ulikuwa mwaka 1913, miaka 35 kabla Uingereza nzima haijapata huduma yake ya taifa ya afya.

Ujanja wa mpango ule ulikuwa kutenganisha bei ya tiba na bei ya umbali. Tiba inaweza kuchangiwa na anayeugua pamoja na jirani zake. Umbali hauna mchangiaji wa haki isipokuwa umma wote, kwa sababu aliyezaliwa Vunta hakuuchagua mlima kama mtu anavyochagua kiwanja. Mifuko karibu yote iliyojaribiwa Tanzania tangu miaka ya 1990 imeziweka bei hizo mbili katika kapu moja, halafu ikashangaa kwa nini kapu halijai.

Kabla ya kufika kwenye mifuko hiyo, ifahamike kwamba Wapare wana historia ndefu ya kubishana na serikali juu ya fedha, na mara nyingi wao ndio waliokuwa na hesabu zilizonyooka. Watani wao Wachaga husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Utani ni utani, lakini tabia hiyo ya kufuatilia senti hadi mwisho wake ndiyo hasa ambayo kamati yoyote ya zahanati ingeiombea.

Katika miaka ya 1940, utawala wa kikoloni kupitia kwa machifu ulileta kodi ya ngazi: kila mtu akadiriwe kwa mali yake, mwenye zaidi alipe zaidi. Kwenye karatasi ilikuwa kodi ya haki kuliko kodi ya kichwa. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani wakapiga kambi Same, makao makuu ya wilaya, wakawa wanapokezana zamu. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe mtoto wa Upare, aliandika kitabu kizima juu ya mgogoro huo unaojulikana kama Mbiru. Wanawake nao waliingia. Kule Usangi walimkabili mkuu wa wilaya wa Kiingereza, wakamtaka aumalize ugomvi ili waume zao warudi nyumbani, la sivyo awape mimba yeye mwenyewe. Kodi ile ikafutwa.

Kilichowaudhi watu hakikuwa kulipa. Walikuwa wakilipa kodi miaka yote. Waliudhiwa na mkadiriaji anayefika, anatazama migomba na mbuzi, anaandika tarakimu, na hakuna anayeweza kueleza tarakimu imetoka wapi. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo hakushangazwa na kelele za Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya fedha inakwenda kujenga vituo vya afya, na vituo vilijengwa kweli. Bado ilibidi tozo ipunguzwe kwa asilimia 30 mwezi Septemba, na baadaye ikapunguzwa tena. Tofauti na 1945, safari hii hakuna aliyelazimika kupiga kambi Same. Malalamiko yalifika kwa simu zilezile zilizokuwa zikikatwa.

Upare iliwahi pia kupata aina nyingine ya fedha: ile inayoletwa na mgeni kwa muda maalumu. Kati ya 1954 na 1959, taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani, katika milima ya Usambara, chini ya Dkt. Donald Bagster Wilson, iliendesha Mpango wa Malaria wa Pare–Taveta. Nyumba za tambarare, upande wa Tanganyika na upande wa Kenya, zilipulizwa dawa ya dieldrin kila baada ya miezi kadhaa. Watoto walipimwa damu na uzito. Mbu aina ya Anopheles funestus alitoweka karibu kabisa, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Kisayansi yalikuwa mafanikio yanayotajwa hadi leo. Mwaka 1959 upulizaji ukasimama kama ilivyopangwa. Watafiti waliobaki kufuatilia katika miaka ya 1960 waliandika jinsi mbu yule alivyorudi polepole, na malaria nyuma yake.

Hapo hakuna aliyeiba wala aliyezembea. Mpango ulikuwa na tarehe ya kufa tangu ulipozaliwa, na wilaya iliyobaki na mbu haikuachiwa hata fungu la kununulia pampu. Hadithi hii inarudi vichwani kila mradi unapofunguliwa kwa mabango na kofia.

Uhuru ulileta busara nyingine. Tangu mwaka 1972 nchi ilielekeza nguvu kwenye vituo na zahanati za vijijini. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya" ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kuchimba vyoo. Kuanzia 1983, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, dawa muhimu zilifika katika maboksi yaliyofungwa. Boksi lilikuwa ukombozi kwa zahanati iliyokuwa na rafu tupu. Lilikuwa pia somo la usimamizi: zahanati ya Ndungu kwenye joto na zahanati ya Chome kwenye ukungu zilipata boksi lilelile, ya kwanza ikamaliza dawa za malaria mapema huku ya pili ikisubiri zile za kifua. Ilichukua zaidi ya muongo mmoja mfumo ukaanza kubadilika, kituo kiagize kinachohitaji. Leo Bohari ya Dawa ina kanda yake Moshi, na dawa isipokuwepo bohari, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri aliyeteuliwa na mkoa, mtindo ulioanzia Dodoma mwaka 2014.

Fedha nazo zikaisha. Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na aliyekuwa Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa mwana wa Usangi, Cleopa Msuya, aliyewahi na aliyekuja tena kuwa Waziri Mkuu. Mwaka 1993 ukaanza uchangiaji: mgonjwa alipe papo kwa papo, kwanza kwenye hospitali kubwa, kisha ngazi za chini. Mwaka 1996 wilaya ya Igunga, Tabora, ikajaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, na sheria ya mfuko huo ikapitishwa mwaka 2001. Kaya ilichanga shilingi elfu kadhaa kwa mwaka, na serikali ikaongeza kiasi kilekile juu yake. Watu waliuita utaratibu huo "tele kwa tele".

Tele kwa tele ulikuwa utaratibu wa kuvutia na, kwa maoni ya msemaji, wenye kasoro ya kuzaliwa. Ulilipa jitihada. Palipochangwa nyingi, serikali iliongeza nyingi. Palipochangwa kidogo, ikaongeza kidogo. Kata iliyo kando ya lami, yenye soko na wafanyabiashara, ilichanga na kuongezewa. Kata ya juu, ambako fedha inaonekana msimu wa tangawizi kisha inatoweka, ilipata kidogo mara mbili.

Kuna pia jambo la nani hasa yuko mlimani. Sera inawasamehe malipo wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu na UKIMWI. Ni sera ya kiutu na hakuna sababu ya kuigusa. Lakini vijana wa Upare ni watu wa kuondoka: shule, biashara, Dar es Salaam, Arusha. Kwenye benchi la zahanati ya juu siku ya kawaida wamekaa bibi, mjukuu na mama mjamzito. Wote watatu wamesamehewa. Kituo kinafanya kazi kutwa nzima na jioni sanduku la mapato lina noti mbili. Kijana ambaye angelipa yuko Kariakoo anauza vitenge, anaugulia na kulipia hukohuko, na nyumbani anatuma fedha za msiba.

Mwaka 2018 Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulipandisha mchango hadi shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, mikoani kote nje ya Dar es Salaam, na kadi ikawa inafika hadi hospitali ya mkoa. Hayo ni maendeleo. Waandikishaji wenye simu za mkononi walipelekwa vijijini badala ya mwanachama kufuata ofisi. Lakini kadi inayofika hospitali ya Mawenzi haimfikishi mwenye kadi Mawenzi. Nauli haimo.

Ukitaka kuona Wapare wanavyochanga bila kusukumwa, tazama majengo. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017 ulitaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Mwito kama huo huko juu hukuta watu wana jadi ya msaragambo, kazi ya pamoja ambayo asiyefika hutozwa. Mawe yanapandishwa kichwani, mchanga unatoka korongoni, kuta zinafika kwenye lenta. Hapo kazi husimama kusubiri bati za serikali. Nchi nzima ina maboma ya namna hiyo, na kila bajeti huwa na ahadi ya kuyamalizia. Yakimalizwa, Mwenge wa Uhuru hufika, utepe hukatwa, picha hupigwa. Mwenge hauna ratiba ya kurudi mwaka wa tatu kuuliza kama kuna muuguzi.

Kwa sababu jengo huchangiwa mara moja, na mshahara, dawa, umeme na dizeli vinadaiwa kila mwezi hadi kiama. Halmashauri haina mamlaka ya kuajiri watumishi wa kudumu kwa hiari yake. Inasubiri kibali kutoka juu, inapangiwa, na mtumishi aliyepangwa akiona hakuna nyumba ya kuishi wala mtandao wa simu, barua ya kuomba uhamisho huandikwa kabla godoro halijafunguliwa. Kama kuna shilingi moja ya kijiji iliyobaki baada ya kuta za zahanati, mahali pake pa kwanza ni nyumba ya mtumishi. Hoja hii haipendwi sana mikutanoni. Nyumba ya muuguzi haizinduliwi kwa ngoma.

Msaragambo una ndugu yake ambaye wasimamizi wa afya wangefaidika kumsoma kwa makini. Kwenye miteremko ya Upare ya Kusini kuna ndiva, mabwawa madogo ya kuhifadhi maji ya usiku ili yamwagilie mchana. Ndiva ya Manoo kule Bangalala, inayopokea maji ya mto Vudee, imeandikwa na watafiti wengi wa maji. Ndiva ina kamati, ina zamu, ina siku za kusafisha tope, na ina faini. Watu hugombana sana juu yake, hasa wa juu na wa chini, lakini kila mwanachama akifika asubuhi anaona kwa macho maji yamefika wapi ukutani, na anajua zamu ni ya nani. Hakuna mkaguzi anayehitajika kuwaambia kwamba bwawa limepungua.

Mfuko wa zahanati kwa miaka mingi ulikuwa bwawa lililofunikwa. Mchango ulikwenda kwenye akaunti ya wilaya. Vilivyorudi vilikuwa vifaa, vikirudi. Mwanachama wa Chome aliyeambiwa "dawa hakuna, kanunue" hakuwa na namna ya kujua kama fedha yake imekwisha, imekopwa au imelala. Asiporudi kulipia kadi mwaka wa pili, wataalamu waliandika kwamba jamii ina uelewa mdogo wa bima. Kwa kweli uelewa ulikuwa wa kutosha.

Badiliko kubwa kuliko yote, na lililotangazwa kidogo kuliko yote, lilikuja mwaka wa fedha 2017/18. Fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambao wafadhili na serikali wamekuwa wakichangia tangu 1999, zilianza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kila kituo. Zahanati ikawa na mpango wake, bajeti yake na mfumo wa kompyuta wa kuandika mapato na matumizi. Kamati ya usimamizi wa kituo, yenye wanakijiji ndani yake, ndiyo inayopitisha.

Ingia katika zahanati moja ya mlimani siku ya kliniki uone maana yake. Mizani ya watoto imening'inizwa kwenye boriti ya baraza, na mtoto aliyevishwa suruali ya kupimia analia huku mama yake akishika kadi kwa meno. Ndani kuna jokofu la chanjo linalotumia sola, rafu ya dawa, meza yenye vitabu vya takwimu za afya vya MTUHA vilivyopangwa kama matofali. Mganga Mfawidhi ni tabibu mmoja, na anayemsaidia ni muuguzi mkunga mmoja. Tabibu huyo anapima, anatoa dawa, anajaza vitabu, anaandika taarifa ya mwezi, na sasa ni mhasibu pia. Usiku hupanda mahali penye mtandao ili aingize risiti kwenye mfumo. Karatasi ya mapato na matumizi ya robo mwaka imebandikwa ukutani, gundi imeachia kona moja, na mzee mwenye fimbo amesimama mbele yake akifuatisha mstari wa dizeli kwa kidole.

Mzee huyo ndiye faida yote ya mpango. Lakini kuna gharama ambayo karatasi haionyeshi. Benki iko mjini. Watia sahihi ni wawili au watatu, mmoja wao mganga mwenyewe. Siku ya kwenda kuchukua fedha ya glavu na mafuta, kwa usafiri unaoondoka alfajiri na kurudi jioni kama gari limejaa, zahanati yenye tabibu mmoja inabaki na muuguzi peke yake. Kwa wilaya ya tambarare hiyo ni safari ya saa mbili. Huko juu ni siku nzima ya tiba iliyolipwa kwa ajili ya kuzifikia fedha za tiba. Malipo ya kibenki kwa simu, na mhasibu mmoja wa kituo cha afya anayezungukia zahanati za kata jirani, vingeokoa siku hizo kwa gharama ndogo kuliko semina moja ya kujenga uwezo.

Mfano wa karibu zaidi na ule wa Dewar upo tayari nchini, na ulianzia kanda ya ziwa. Mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa Dodoma mwezi Aprili 2022 unafanya kazi hivi: mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, namba 115 inapigwa bure, mhudumu wa kituo cha simu anauliza maswali, na kama gari la wagonjwa liko mbali anamwita dereva wa kawaida wa kijijini aliyeandikishwa na kufundishwa. Dereva akimfikisha mgonjwa, analipwa kwa simu kulingana na safari. Mgonjwa halipi nauli. Kwa maneno mengine, umma umekubali kununua umbali, hata kama ni kwa kundi moja la wagonjwa. Mwenye ngiri iliyojikaza au aliyeanguka kutoka juu ya mwembe bado ananunua wake mwenyewe.

Taasisi za dini nazo zimekuwa zikinunua umbali tangu zamani bila kuuita hivyo. Wasabato walianzia kazi yao ya Tanganyika huko Giti, Upare ya Kusini, mwaka 1903, na Walutheri wa Leipzig wakajenga Mbaga. Walipenda baridi ya juu, na shule na tiba vikawafuata hukohuko. Utawala ulikaa chini, kwenye reli. Hospitali ya Kilutheri ya Gonja bado inawahudumia watu wa upande wa mashariki, na halmashauri zinaruhusiwa kuingia mikataba ya huduma na hospitali za namna hiyo badala ya kujenga nyingine kando yake. Mkataba ni karatasi nzuri pale serikali inapolipa kwa wakati. Ikichelewa, hospitali ya kanisa inakopesha serikali bila kuombwa.

Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na nchi yote ikajionea jinsi huduma za UKIMWI zilivyokuwa zimeegemea mfuko wa mtu mwingine. Serikali ilitafuta fedha za nyongeza kwa ajili ya dawa. Dawa zenyewe ni sehemu inayoonekana. Isiyoonekana sana ni posho ya mhudumu wa jamii aliyekuwa akipanda kumfuata mgonjwa aliyeacha dozi, na pikipiki ya kupeleka sampuli za damu. Mwaka 1959 Upare ilikuwa imekwisha kuonyesha ni fungu gani hukatika kwanza mfadhili anapoondoka. Mpango wa taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliozinduliwa Januari 2024 ukilenga watu zaidi ya 137,000, utapimwa kwa swali hilohilo la nani anawalipa mwaka wa sita.

Sasa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023. Inataka kila mkazi awe na bima, na inaweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Ni hatua ambayo wengi waliidai tangu tele kwa tele ilipoanza kuyumba. Same itaipokea ikiwa na vitu viwili mkononi. Cha kwanza ni watu wanaojua kuchanga na kudai hesabu, waliozoea kusoma kina cha maji ukutani mwa ndiva. Kwao karatasi ya robo mwaka yenye mchango uliopokelewa, madai yaliyolipwa na yaliyokataliwa, itauza kadi nyingi kuliko gari la matangazo. Na uandikishaji ufuate mavuno ya tangawizi na mpunga, hata kama mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai.

Cha pili ni takwimu za bei ya umbali, ambazo fomula ya 2004/05 haikuwa nazo. Kila safari iliyoitwa kwa 115 imeandikwa: imeanzia wapi, imeishia wapi, imelipwa kiasi gani. Zikipangwa kwa kata na kwa msimu, safari hizo zitaonyesha bei halisi ya kutoka Vunta wakati wa masika na bei ya kutoka Hedaru wakati wa kiangazi, kwa shilingi, bila kukisia. Ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya inaweza kuziomba na kuziambatisha kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri wa mwaka ujao, katika fungu la mafuta na matengenezo, ili watakaokaa Dodoma kuupitia wakute mlima umeandikwa kwa bei yake.